Usiufunge kwa Waya

Edigari, ufunguo wa stoo uko chini ya kopo la chokaa.
Kodi ya Juni usinitumie Songea. Nunua kwayo samadi ya mbuzi,
iliyolala, isiyonuka,
inayomeguka kama keki ya harusi.

Mwaridi huu haukuomba kuja Njombe.
Uliletwa kwenye lori la mbao, kijiti kimoja
kimechomekwa ndani ya kiazi kisikauke njiani,
na kilichochipua kwanza kilikuwa kiazi.
Tulivuna viazi sita, mimi na marehemu,
tukavila kwa chumvi, tukacheka, tukasema basi.
Mwezi wa nne jicho jekundu likatokeza udongoni,
dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Sasa umefika kwenye bati.
Usivutwe na urefu wake.
Tawi likiachwa wima hukimbilia jua
na kutoa ua moja, huko juu kabisa,
kwa faida ya kunguru na fundi wa antena.
Lilaze. Taratibu, umande ukiwa bado,
lilaze juu ya mianzi kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia
na kiatu kimoja kingali mguuni.
Hapo kila kifundo kitaamka,
kila kifundo kitadhani ndicho kilele.

Wanasema samaki hukunjwa angali mbichi.
Mimi nimekunja tawi la miaka saba,
ila kwa majuma matatu, inchi kwa inchi,
na siku lilipolia ka!
niliacha, nikaenda kusonga ugali.

Usiufunge kwa waya.
Tawi hunenepa, waya haujui.
Chini ya cherehani kuna mfuko wa vipande:
cha buluu ni sare za darasa la kwanza,
cha zambarau ni joho la kwaya,
la mama mmoja niliyemwachia mshono kila Pasaka.
Kile cheupe chenye shanga, kwenye tawi la kusini, usikifungue.
Bibi harusi hakuja kuchukua gauni.
Nilimngoja miaka miwili, kisha nikashika mkasi.

Julai ndipo utakaponikumbuka.
Ukiona nyota zimezidi, upepo umenyamaza
na mbwa wa Mtewele amehamia jikoni,
ujue sakitu inashuka usiku huo.
Funika shina kwa mabua ya mahindi, si kwa nailoni;
nailoni hutoka jasho, na jasho huganda.
Asubuhi majani yatakuwa meusi
kama yamesahauliwa chini ya pasi.
Usiyakate kwa huruma. Ngoja Septemba.
Mwaridi huu ni mwongo, hujifanya umekufa.

Vidukari: maji ya sabuni ya mche, jioni.
Ubwiri unga: kata, choma, nawa mikono.
Maganda ya ndizi fukia, usirundike, panya wanajua kusoma.

Na kuhusu jirani.
Mtewele hajawahi kuumwagilia hata kikombe,
na maua mengi humwagikia kwake, ndiko liliko jua.
Misimu miwili nilikasirika.
Nilipima ukuta kwa futi ya kushonea,
nikaandika na barua ya mjumbe, iko kabatini.
Ndipo siku moja, naanika mashuka,
nikamsikia mama yake, yule asiyeona,
akimuuliza mjukuu: leo yameanguka mangapi?
Mtoto akahesabu mpaka thelathini, akarukarukia.
Bibi akasema, rudia, umeruka kumi na saba.

Kwa hiyo ukipogoa,
upande ule mkasi uwe bahili.

Vaa kastabini kwenye dole gumba.
Utakuchoma vilevile.
Kovu langu liko hapa, kando ya ukucha,
huwasha mvua ikiwa Makambako.

Na pikipiki yako
iegeshe kwingine.